Mkunga kanipima sukari kisa mimi Mwafrika, je mtoto wangu yuko hatarini?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Leicester, kwetu Tanga, mimba ya pili wiki 27, na mimi mwembamba tu. Mkunga alinipeleka kipimo cha kunywa glukosi kwa sababu ya asili yangu, imetoka 5.7 kabla ya kula na 8.4 baada ya masaa mawili. Wifi anasema huo ubaguzi, vipimo vya Wazungu havituhusu, kanitumia unga wa mlonge na mdalasini. Je weusi wetu utamletea mtoto shida?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo Uingereza mstari ni 5.6 kabla ya kula au 7.8 baada ya masaa mawili, umevuka yote miwili, hiyo ni sukari ya mimba. Hata kwa viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) ile 5.7 peke yake inatosha, wao wanaanzia 5.1. Kwa hiyo wembamba wako tuuache.

Swali hili la asili naletewa kila wiki na linanichosha. Asili ni sababu ya KUPIMWA, sio majibu. Kinachomnenepesha mtoto hadi mabega yakwame wakati wa kuzaliwa ni sukari yako, inapita kwenye kondo la nyuma lakini insulini yako (homoni inayoshusha sukari) haipiti, basi mtoto anatengeneza ya kwake nyingi, ananenepa, na akizaliwa sukari yake inashuka ghafla. Hapo ngozi inaingilia wapi? Na hivyo vipimo vya Wazungu, ule utafiti mkubwa wa sukari kwenye mimba, unaoitwa kwa kifupi HAPO, uliotoka 2008 ulikuwa na kina mama kama 23,000 wa nchi 9, wakiwemo wa Barbados, Thailand na Hong Kong, na hatari ilipanda taratibu kadri sukari ilivyopanda. Afrika haikuwemo, hilo nalilalamikia hata mimi, ila sio leseni ya kunywa unga.

Sasa huo unga. Nani kaupima? Kijiko kimoja kina nini? Hawa wauzaji wa WhatsApp wanamwambia mama aache vidonge vya sukari vya metformini au sindano za insulini "zisimdhuru mtoto", wakati insulini ndo hiyo haivuki kondo, halafu mama anakuja wiki ya 36 mtoto mkubwa, maji ya uzazi yamejaa, na muuzaji hapokei tena simu. Nimeshawaona wengi mno bana. Kama wifi katuma majani mabichi yapike na nazi ule na ugali kidogo, mboga nyingi, ila dawa yako iwe kile kimashine cha kidole: asubuhi chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, ikigoma siku kadhaa piga simu klinik usisubiri apointimenti. Chai ya sukari na juisi acha leo.

Asili inakuja kuwa na maana baadaye, na huko ndo hakuna anayeniuliza. Kwenye utafiti wa kule Kusini mwa California, Marekani, sukari ya mimba iliwapata zaidi kina mama wa Kiasia kuliko weusi, lakini weusi walioipata ndo walioongoza kuishia na kisukari cha ukubwani. Watu wanajifungua, wanaambiwa imeisha, wanapotea. Wewe wiki ya 6 hadi 13 baada ya kujifungua nenda kwa GP (daktari wako wa mtaani) upimwe ukiwa hujala, halafu kila mwaka, na wasipokuita piga mwenyewe.