Re: Kuna Mwafrika aliyewahi kutamba NFL kama mkimbiaji?

Mkuu, yupo, tena si wa kubahatisha. Umeuliza kama kuna mzaliwa wa Afrika aliyetamba NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kwenye nafasi ya kukimbia na mpira: mtafute Christian Okoye, Mnaijeria wa Enugu.

Jamaa alikwenda chuo cha Azusa Pacific, California, kurusha kisahani. Nigeria ilipomwacha nje ya kikosi cha Olimpiki ya 1984, ndipo akajaribu mpira wa Kimarekani, akiwa na miaka 23 hivi. Hebu fikiria, wenzake wameucheza tangu utotoni! Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ikamchagua raundi ya pili, ligi ilipogawa wachezaji wapya kwa timu.

Alikuwa na kilo kama 118 na mbio za mwanariadha, kwa hiyo kumkaba ilikuwa kama kusimamisha lori lililokatika breki. Msimu wa 1989 ndio wake hasa: alibeba mpira mara 370, akasonga nao mbele jumla ya yadi 1,480, akaongoza ligi nzima. Wakambatiza “Jinamizi la Nigeria”.

Majeraha yakamwandama, akaacha baada ya msimu wa 1992. Misimu sita tu, lakini Chiefs walimwingiza kwenye ukumbi wao wa heshima mwaka 2000. Kwangu mimi, kwa mtu aliyechelewa kuanza vile, hana mfano.