Mbwa anayejua saa ya chakula akiwa gizani

Dada wa Kondele, umeuliza kwa nini mbwa wako, unayemfungia mchana kwenye stoo isiyo na dirisha, hukwaruza mlango kila inapokaribia saa kumi na moja jioni. Saa anayo mwilini. Mwaka 1971 wanasayansi Konopka na Benzer walionyesha kwamba jeni moja tu ya nzi wa matunda ikibadilika, mzunguko wa siku wa mwili wake hurefuka, hufupika au hupotea kabisa. Kwa panya (na hili hunifurahisha sana!) saa ya ini hufuata mlo, hata ile ya ubongo ikibaki na mwanga. Unataka kumlisha saa moja usiku? Chelewesha sahani yake robo saa zaidi kila siku, na watoto wasimrushie mifupa ya samaki katikati.