Muulize Fundi: Nibadilishe prosesa tu au na mazabodi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina stesheneri hapa Nkuhungu, Dodoma, kompyuta ninayotumia ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ina Core i3-4130, ramu 4GB, hadi diski ya 500GB na Windows 10. Asubuhi nikiiwasha nadeki duka zima ndo inafunguka, wanafunzi wakija kujaza maombi ya mkopo nikifungua Chrome na Word kwa pamoja inaganda, mteja anahamia kwa jirani. Fundi mmoja kaniambia nitoe mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) na prosesa niweke mpya, mwingine anasema prosesa tu inatosha. Nimsikilize nani?
Mama Stesheneri, Nkuhungu

JIBU: Pole sana mama, najua mteja akiondoka ndo hela ya siku imeondoka. Hela ya mazabodi usiitoe kabisa, na hata ya prosesa ishikilie kwanza. Fanya hivi, kompyuta ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance uangalie Disk na Memory. Kwa hiyo mashine uliyoielezea nina uhakika utakuta Disk imegonga 100% na ramu imejaa huku prosesa haifanyi kazi kubwa, maana ramu 4GB ikijaa Windows inaanza kuhifadhi vitu kwenye hadi diski, na hadi diski ni sahani inayozunguka na kisindano kinachotafuta data huku na kule, kwa hiyo kila kitu kinaisubiri yenyewe. Ukiweka prosesa mpya hapo, nayo itakaa foleni ileile.

Kwa hiyo anza na SSD (diski isiyo na sahani wala kisindano, ina kasi zaidi), ile ya plagi ya SATA ya inchi 2.5, hata ya 240GB inatosha, ile hadi diski ya zamani iache humohumo ya kutunzia mafaili ya wateja. Halafu ongeza ramu ifike 8GB, ni aina ya DDR3 ya deskitopu, sio ya laptopu maana ile ni fupi haikai. Hayo mawili tu utaona maajabu.

Baada ya hapo kama bado una hamu ya prosesa, sawa. Bodi yako ni soketi 1150 (soketi ni pale prosesa inapokaa), inakubali i5-4570 au i7-4770 bila kugusa kitu kingine, na tofauti ipo maana i3 yako ina koo (core, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili na hizo zina nne. i7-4790 nayo inakaa ila hakikisha kwanza BIOS (programu ya kwenye bodi inayowasha kompyuta) ni ya karibuni, na tafadhali usiapdeti BIOS siku ambayo umeme unacheza, ukikatika katikati bodi inaweza kufa. Kumbuka pia i3 yako ni wati 54 na hizo ni 84, joto linaongezeka, na vumbi letu la Dodoma mwezi wa tisa wa kumi mnalijua. Fungua boksi, puliza hitisinki (kile chuma cha kupoza prosesa) kwa blowa huku umeshika feni isizunguke, futa ile pesti iliyokauka kati ya prosesa na hitisinki, paka mpya kidogo tu. Hitisinki ikiziba, prosesa inajipunguza spidi yenyewe isiungue, sasa umenunua i7 ya nini?

Kuhusu mazabodi, huyo fundi hajakwambia yote. Hiyo Dell pawa saplai yake ina plagi ya pini 8 kwenye bodi wakati bodi za kawaida zinataka pini 24, kwa hiyo utanunua na pawa saplai, boksi lenyewe bodi ya kawaida haikai vizuri, ramu yako ya DDR3 haitaingia kwenye bodi ya DDR4, na leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi ile ya zamani. Ukijumlisha umenunua kompyuta nyingine vipande vipande!

Na kuna hili la Windows 10, Microsoft walimaliza sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi kwa upande wa prosesa za Intel kama yako inataka kizazi (toleo) cha 8 kwenda juu, i7-4770 haimo. Wewe unapokea flashi za kila mtu, virusi ni vyako. Ndo maana nasema tumia hela ndogo sasa, nyingine weka kibubu upate mtumba wa kizazi cha 8, na SSD yako utahama nayo.

SWALI: Kaka fundi, nina mazabodi ya H110 yenye i3-6100, nimenunua i5-8400 muuzaji kasema soketi ni ileile 1151. Nimeweka, feni inazunguka skrini nyeusi. Nimeiunguza?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Mara nyingi haiungui mdogo wangu, ila haitawaka hapo. Namba ya soketi ni ileile lakini kizazi cha 8 kama hiyo i5-8400 kinataka bodi zenye chipseti (chipu kuu ya bodi) za 300 kama H310 au B360. Rudisha, omba i5-6500 au i7-6700. i7-7700 pia inakubali ila BIOS iapdetiwe ukiwa bado na i3 yako ndani. Ukiitoa angalia kwa tochi pini za kwenye soketi, zisiguswe na kidole, pini moja ikipinda bodi inaweza isiwake tena.