Mwanangu, kuhusu kazi yako ya kupokea simu za wateja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama kukaa na hedifoni masikioni kutwa nzima ukipokea malalamiko ya watu usiowajua ni kazi yenye maana, na ufanyeje isikumalize. Halafu ukaongeza, kama kwa kupitia tu, kwamba labda tatizo ni wewe, huna moyo wa huduma. Nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lililonikera. Mengi unayoyaita udhaifu wa moyo ni hesabu mbovu ya watu kwenye zamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme kwa saa moja zinaingia simu 100, na kila simu, pamoja na kuandika maelezo yake, inakula dakika 6. Hiyo ni kazi ya dakika 600, yaani saa 10, na bosi asiyejua atasema watu 10 wanatosha. Hawatoshi, kwa sababu simu haziji kwa zamu: dakika hii zinaingia nne, mbili zinazofuata haiingii hata moja, na dakika uliyokaa bila simu huwezi kuiweka akiba ukaitumia msongamano ukija. Kwa watu 10 foleni inazidi kurefuka mpaka wateja waanze kukata simu wenyewe. Weka watu 11, na kama hakuna anayekata, mteja atasubiri kwa wastani dakika 4 na sekunde chache. Weka 12, wastani unashuka hadi kama sekunde 80. Weka 13, unakuwa nusu dakika na kidogo. Kanuni ya hesabu hii ilichapishwa mwaka 1917 na A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na hadi leo wapangaji wa zamu wanaitumia.

Mteja aliyesubiri dakika 4 akisikiliza wimbo ule ule hafiki kwako akiwa na hali aliyopiga nayo. Shida yake ilikuwa moja, sasa ni mbili, na ya pili imezaliwa kwenye foleni. Wewe unaipokea hasira yote kana kwamba ni yako. Kwa hiyo kabla hujajihukumu, pima mzigo wako. Zamu ya saa 8 ukitoa saa moja ya mapumziko inabaki na dakika 420. Kwa simu za dakika 6, simu 70 zinaijaza zamu yote bila nafasi hata ya kukohoa. Vituo vingi vinavyopanga vizuri hujaribu kumweka mtu kazini kama asilimia 85 ya muda wake, ambayo hapa ni simu 59 hivi. Kati ya 59 na 70 ndipo watu wazuri wanapoanza kujibu wateja kwa mkato, kuandika maelezo nusu nusu, na kusababisha mteja yule yule apige tena kesho, jambo linaloongeza simu za kesho.

Andika kwa wiki nne vitu vitatu kila siku: idadi ya simu, wastani wa dakika kwa simu, na ngapi kati ya hizo ni za mtu anayepiga mara ya pili kwa shida ile ile. Hiyo ya tatu ndiyo yenye nguvu ukikaa na msimamizi. Ukimwambia "tumechoka" atakuhurumia na mambo yatabaki vilevile. Ukimwonyesha kwamba simu moja kati ya tano ni marudio, na kwamba marudio mengi yanatokana na kitu kimoja, umempa kazi ya kufanya.

Sasa simu yenyewe, maana nguvu nyingi hupotea katika sekunde thelathini za mwanzo. Mteja anaingia akifoka: amelipa mara mbili, fedha hazijarudi, na ameshapiga juzi. Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kumkatiza ili waombe namba ya akaunti. Mwache aseme mpaka avute pumzi mwenyewe. Mara nyingi haizidi dakika moja, na wewe unaandika tarehe na kiasi huku anaongea. Kisha mrudishie maneno yake kwa sentensi moja: "Umelipa mara mbili tarehe 3, malipo ya pili hayajarudi, na ulipiga juzi hukupata jibu. Nimekuelewa sawasawa?" Akisema ndiyo, nusu ya kelele imekwisha, kwa sababu amejua kuna mtu upande wa pili. "Pole kwa usumbufu" ile ya kwenye karatasi haifanyi kazi hiyo, kwani anaisikia kila anapopiga. Baada ya hapo sema utafanya nini, nani mwingine anahusika, na lini atapata jibu. Usiahidi kilicho nje ya mamlaka yako ili tu simu iishe kwa amani. Ahadi hiyo itarudi kwa mwenzako wa zamu ya jioni ikiwa na meno.

Matusi ni jambo jingine. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hilo halina maana kwamba mshahara wako unanunua haki ya kukutukana. Onyo moja la wazi, kwa sauti ile ile: "Nataka kukusaidia, ila nikiendelea kutukanwa nitalazimika kukata simu." Akiendelea, kata, kisha andika papo hapo saa, maneno aliyotumia na onyo ulilotoa. Kabla ya yote hakikisha utaratibu wa kazini kwako unakuruhusu; kama hauruhusu, wafanyakazi waudai kwa pamoja. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unataja wazi ule unaopitia mawasiliano ya kazi. Nchi ambazo hazijauridhia zipo, lakini ni hoja nzuri ya kuanzia mazungumzo.

Umesema pia kinachokuchosha zaidi ni "kuigiza". Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza kazi hii ya kutawala hisia kwa malipo, na akatenganisha njia mbili: kubandika sura usiyo nayo, na kujaribu kweli kuiona shida kwa jicho la mwenzako. Ya kwanza ndiyo inayokausha mtu. Mimi yale mabango ya "tabasamu, mteja anakusikia" siyapendi hata kidogo, maana yanasukuma watu kwenye njia hiyo hiyo. Unachowajibika kutoa ni adabu na usahihi. Hulazimiki kufurahi. Macho na akili viweke kwenye shida ya mteja badala ya kwenye sauti yako mwenyewe, na utaona uchovu ule unapungua.

Baada ya simu nzito usiruke moja kwa moja kwenye inayofuata. Omba dakika 2 rasmi, zenye kitufe chake kwenye mfumo, usiziibe kwa kujificha chooni. Andika maelezo kwanza, ukiwa bado unakumbuka: alichotaka, nilichofanya, kilichobaki, nani anamalizia na lini. Halafu simama na utoe pumzi polepole mara chache. Mpangilio huo una sababu yake. Ukisimama kabla ya kuandika, unaondoka na simu kichwani.

Kuhusu maana. Watu hudhani kazi ya huduma inakosa maana kwa sababu ni ndogo. Mimi naona inakosa maana kwa sababu mwisho wake hauonekani. Unafungua tiketi, yaani rekodi ya shida ya mteja kwenye mfumo, unaihamisha, inafungwa na mtu mwingine, na hujui kama yule mama aliyepiga alipata fedha zake. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu. Baadhi yao walikutanishwa kwa kama dakika 5 na mwanafunzi aliyesoma kwa msaada wa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wakitumia kwenye simu muda zaidi ya maradufu ya awali. Mshahara na maneno ya kusoma havikubadilika. Walikuwa wameuona mwisho wa kazi yao, basi.

Wewe hutakutanishwa na mtu, kwa hiyo jitengenezee. Chagua tiketi tatu kila wiki ambazo hukuzimaliza mwenyewe, na baada ya siku 7 zifungue usome zimeishaje, kama mfumo unakuruhusu. Andika mstari mmoja kwa kila moja bila jina wala namba ya mteja: shida, kilichofanyika, matokeo. Nyingine zitakuwa zimeishia vibaya, nazo ziandike, kwani ndizo zinazokuonyesha mahali mnyororo unapokatika. Huko ndiko iliko maana kubwa zaidi, kwa maoni yangu. Aliye kwenye simu anakijua kilichoharibika kabla ya mhandisi, kabla ya mkurugenzi. Taarifa inayosema "wateja wanalalamika sana kuhusu malipo" haifiki popote. Inayofika ina idadi, kipindi, chanzo kimoja na pendekezo moja: "Katika wiki nne, simu 46 za malipo mara mbili. Zote zilitokea mteja alipobonyeza tena kwa kuwa ukurasa ulichelewa kujibu. Naomba kitufe kizimike baada ya kubonyezwa mara moja." Marekebisho kama hayo yakifanyika, umesaidia watu ambao hawatapiga simu kamwe.

Nje ya kazi sina mengi. Dakika 5 za mwisho za zamu orodhesha yaliyobaki, kila moja na hatua yake inayofuata na saa utakayoishika, kwani jambo lisilo na mpango ndilo linalokufuata kitandani. Programu ya kazi iondoe kwenye simu yako binafsi. Ukifika nyumbani waambie wenzako unahitaji nusu saa ya ukimya, na uwaambie sababu, wasidhani umewanunia. Zamu zikibadilika, omba zisogee mbele, asubuhi kwenda jioni kwenda usiku. Kurudi nyuma kunausumbua mwili zaidi. Na kati ya zamu mbili zisipungue saa 11, maana ukitoa safari, kula na kuoga, usingizi ndio unaobaki kukatwa.

Jipime mara moja kwa mwezi. Mwanasaikolojia Christina Maslach, aliyechapisha kipimo cha uchovu wa kazi pamoja na Susan Jackson mwaka 1981, alitaja pande tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Ya kwanza pekee mara nyingi hutibika kwa likizo na zamu zilizopangwa vizuri. Ya pili iogope. Siku utakapojisikia unawapa wateja majina ya kejeli na kucheka wanapolia, ujue imeshaingia, na likizo ya wiki moja haitaitoa. Omba kuhamishwa kwa muda kwenye kazi isiyo ya simu, kama kufundisha wapya au kuandika majibu ya maswali ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali hii mwaka 2019 liliiita tukio la kazini, halikuiita ugonjwa. Kwa hiyo kama huzuni na kukosa usingizi vinakuandama hata siku za mapumziko, na vimezidi wiki mbili, hilo si la msimamizi tena. Nenda kwa daktari, na uniambie siku hiyo hiyo.

Kama utaondoka au utabaki, siwezi kukuamulia. Ila usiondoke kwenda mahali pengine penye hesabu ile ile. Kwenye usaili uliza: mtu mmoja anapokea simu ngapi kwa zamu, ana mamlaka ya kurejesha fedha kiasi gani bila kuomba ruhusa, simu ya matusi inashughulikiwaje, na aliyekuwa kwenye nafasi hii alikwenda wapi. Wakishindwa kujibu la kwanza, hawajawahi kulipima. Anza hesabu yako Jumatatu, na wiki ya nne ikiisha nitumie hiyo karatasi kabla hujaipeleka kwa msimamizi, tuipitie pamoja.

Mzazi wako