"Ningependa kumshukuru Mungu": sasa nani kakuzuia?

Dada mmoja wa kwaya kutoka Newala kaniandikia. Anasema wanajiandaa na sikukuu ya mavuno, vitenge vya sare vipo kwa fundi, na kuna bango litaning'inizwa mbele kanisani ila kwaya imegawanyika pande mbili. Kuna wanaotaka "Tunashukuru Mungu kwa mavuno", kuna wanaotaka "Tunamshukuru Mungu kwa mavuno". Halafu kwenye wimbo wao mpya kuna mstari "napenda Mungu wangu", mwalimu wa kwaya kagoma kuubadilisha eti unakaa vizuri kwenye noti. Anauliza, mwalimu, tushike lipi?

Shikeni "Tunamshukuru". Kiswahili ukimtaja mtu unayemjua, kitenzi nacho kinamtaja, nimemwona baba, kamwite shangazi, tumemzika jirani. Ukisema "nimeona baba" utaeleweka, huku hakuna atakayekupeleka polisi, lakini kwenye sikio imekwaruza. Na Mungu kisarufi tunampatanisha kama mtu japo wingi wake unatorokea kwenye ngeli ya miti na mikoko, ndiyo maana Kutoka 20 inasema "miungu mingine" na siyo "wengine", ila hilo tuliache maana nikilianza hatumalizi leo. Kwa hiyo "napenda" bila m ni ya vitu, napenda mihogo, napenda pweza wa Mikindani. Mungu anapendwa kwa m. Zaburi ya 116 inaanza "Nampenda Bwana", wala haikubana matumizi. Huyo mwalimu wa kwaya mwambieni hiyo m ni silabi kamili, na-m-pe-nda, nne, aiongezee noti yake moja tu asiifukuze kwenye wimbo.

Ila mtu akiulizwa umeamkaje akajibu "nashukuru Mungu, nipo", hiyo mi siigusi. Ni lugha ya barazani, na mtu ametoka tu kulala jamani.

Asili ya maneno, kwa kifupi sana maana najua kuna wanaoipenda sehemu hii: shukuru tumeichukua kwa Waarabu, kama ibada, sifa, dua na sadaka. Penda ni yetu ya Kibantu. Na Mungu mwenyewe ni wetu pia, Wayao wanamwita Mulungu, Wamakua Muluku, Wamakonde Nnungu. Imetosha.

Sasa dada yangu, hilo bango lako limenipa upenyo niliokuwa nautafuta siku nyingi. Maana tatizo la shukrani makanisani kwetu sio m. M ni kidonda kidogo. Tatizo ni kwamba watu hawashukuru kabisa, wanatangaza tu kwamba wana mpango wa kushukuru.

Subiri msimu wa korosho uishe, minada imepita, hela zimeingia kwenye akaunti, watu waanze kutoa sadaka za shukrani. Mtu anapewa maiki, anakohoa, anaanza: "Bwana Yesu asifiweee... Awali ya yote ningependa kuchukua fursa hii adhimu, kwa namna ya kipekee kabisa, kumshukuru Mwenyezi Mungu." Halafu anahamia kwa mchungaji, wazee wa kanisa, kamati, mama aliyepika. Nimekaa pale nasubiri hiyo shukrani ije. Haiji! Amesema angependa. Nge hiyo kwenye Kiswahili inadai jambo ambalo halijatimia, ningekuja lakini mvua, ningekulipa lakini AMCOS, chama chetu cha ushirika, hawajaniingizia. Sasa wewe ungependa kumshukuru Mungu lakini nini? Nani kakuzuia? Maiki unayo, kanisa zima limenyamaza, Mungu mwenyewe kwa imani yako yupo. Shukuru basi.

Na "kuchukua fursa" ndo kabisaa. Inachukuliwa kutoka wapi, kwa nani? Mtu kaamka mzima, kapona, mtoto kafaulu, halafu kushukuru kumekuwa fursa, kama tenda ya halmashauri.

Mchukueni yule mkoma wa Luka 17. Walikuwa kumi, wamesimama mbali wanapaza sauti, Yesu akawaambia nendeni mkajionyeshe kwa makuhani, wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja akarudi, Msamaria, akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka kifudifudi miguuni pake, akamshukuru. Akamshukuru! Neno moja, m ipo, kazi imeisha. Sasa nifikirieni mkoma huyo angekuwa amesoma kwenye mahafali zetu na semina zetu. Anafika, anajifuta vumbi, anaomba itifaki izingatiwe. "Ningependa kuchukua nafasi hii kwa niaba ya wenzangu tisa ambao hawajaweza kufika kutokana na majukumu mbalimbali..." Hebu ona, angewatetea na wale tisa! Yesu aliuliza wale tisa wa wapi, huyu angekuwa na jibu tayari, na barua ya udhuru juu. Na akitoka hapo bado hajashukuru, amechukua nafasi tu.

Hata yule Farisayo wa Luka 18, mwenye majivuno yake yote, anasali anasema "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine". Roho mbovu lakini sarufi safi. Kama Farisayo kaweza, wewe mwenye roho safi unashindwaje?

Huku kusini hatuna hata kisingizio. Askofu Steere wa Waanglikana, mtu wa sarufi yule, katoka Lindi kwa miguu mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani wakaishia Masasi. Watawa wa Kikatoliki, Wabenediktini, wapo Ndanda tangu 1906. Kiswahili cha sala kimekaa na babu zetu zaidi ya miaka mia. Nenda misa ya Kikatoliki popote, Nyangao, Ndanda, somo likiisha unasikia "Neno la Bwana" na watu wote "Tumshukuru Mungu". Kabla ya mageuzo ya mkate na divai padri anasema "Tumshukuru Bwana Mungu wetu", mnajibu "Ni vema na haki". Bango lenu mnalisali kila Jumapili kumbe, mnabishana nini. Na jirani yangu Mwislamu akishuka kwenye ngalawa salama ni "Alhamdulillahi", moja tu, anabeba samaki zake anaenda.

Kuna mwenzake "ningependa" naye ameingia, huyu katokea bungeni na kwenye mikutano, anaitwa "nimshukuru". "Nimshukuru Mungu kwa kunipa uhai, niwashukuru wazazi, nikushukuru na wewe mchungaji." Zamani lilikuwa na kichwa, "naomba nimshukuru", "ngoja nimshukuru", kichwa kimekatwa mkia unatembea peke yake. Mtaniambia mbona hata tumshukuru ni hivyohivyo. Sio hivyohivyo. Tumshukuru ni mwaliko, namwita mwenzangu twende. Nimshukuru unamwalika nani, wewe mwenyewe? Au unaomba ruhusa, na kama ni ruhusa mbona hukusubiri jibu?

Lakini kwa hili nimeshachoka, nasema ukweli. Juzi nimemsikia mtoto wa sandei skuli analisema kwenye sala ya chakula, "nikushukuru Yesu kwa ubwabwa huu", macho kafumba kabisa anamaanisha. Utamfanya nini. Nimeitikia amina nikala. Miaka ishirini ijayo litakuwa kwenye kamusi na wataalamu watalipa jina zuri.

"Ningependa" ndo siipitishi. Akisimama mzee wenu wa kanisa siku hiyo ya mavuno akaanza nayo, dada yangu, nyie pigeni kinanda.