Re: GB 180 za picha na nyaraka, nizihifadhi huduma gani ya mtandaoni?

Mkuu, umesema una GB 180 kwenye laptopu, diski imeanza kutoa mlio, na unataka huduma moja ya mtandaoni uzitupie zote humo ukalale usingizi. Wadau waliotangulia wameshataja majina ya huduma, sitayarudia. Mimi nakusimulia yaliyonikuta, maana naona unashika njia ile ile niliyopita.

Ila kabla ya yote, diski ikishaanza kulia usianze na mtandao. Tafuta diski ya nje leo hii, nakili kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote, halafu vingine vifuate. Sababu utaiona nikifika kwenye hesabu.

Haya. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na ile folda ya huduma ya mtandaoni inayokaa ndani ya kompyuta: ukiweka faili humo, linapanda lenyewe. Kompyuta ya mezani na laptopu zote nilikuwa nimeziunganisha na akaunti moja, na nilitembea kifua mbele nikijua nina bekapu, yaani nakala ya akiba. Siku moja laptopu ikalalamika kwamba nafasi imekwisha. Kuangalia, folda ya picha ndiyo imekula karibu nusu ya diski. Nikajisemea, si zipo mtandaoni hizi? Nikafuta. Nafasi ikarudi, nikaendelea na shughuli zangu.

Wiki kama saba baadaye dada akaniomba picha za marehemu baba. Nikawasha kompyuta ya mezani: folda haipo. Nikaingia kwenye tovuti ya huduma: haipo. Nikakimbilia kapu la taka: jeupe. Kumbe mle kilichofutwa hukaa siku 30 tu, na zangu zilikuwa zimepita zamani. Baadhi nilizikuta kwenye diski ya nje ya zamani niliyokuwa nimeisahau droo ya chini. Nyingine niliziokota kwa ndugu waliokuwa wametumiwa kwa WhatsApp, na hizo unazijua, zimebanwa kiasi kwamba ukikuza uso wa mtu unaona vigae tu.

Siilaumu huduma. Ilifanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kusawazisha: kinachotokea upande mmoja kitokee na pande zote. Ukifuta hapa, panafutwa na kule. Ukiharibu faili hapa, lililoharibika ndilo linalopanda. Ndivyo ilivyo hata kwa virusi vya kudai fidia, vile vya aina ya WannaCry iliyosambaa Mei 2017: vikishafunga mafaili yako, programu ya kusawazisha haijui kama hiyo ni balaa au ni wewe umehariri, inayapandisha vile vile. Unachobaki kutegemea ni matoleo ya zamani ya faili, na hapo swali ni huduma yako inayaweka kwa siku ngapi. Hicho ndicho cha kwanza kukisoma kabla hujalipia, si ukubwa wa nafasi.

Kwa hiyo tafuta programu ya bekapu hasa, ambayo inanakili kwenda upande mmoja na kutunza matoleo. Backblaze ni mojawapo. Kama unapenda kujifanyia mwenyewe kuna Duplicati na restic, zinazoweza kupeleka nakala kwenye nafasi ya mtandaoni unayoilipia tayari. Restic ni ya kuandika amri, kama huna mazoea achana nayo. Na hata hizi soma masharti yake kuhusu vilivyofutwa, maana kila moja ina utaratibu wake.

Kuna mdau hapo juu kashauri ufungue akaunti za bure nyingi ugawanye mafaili. Mkuu, usijaribu. Google wanakupa GB 15 bure, na humo humo inakaa barua pepe yako. OneDrive ni GB 5, Dropbox GB 2. Kwa GB 180 utakuwa na akaunti dazeni nzima, na mwaka ukiisha hukumbuki nini kiko wapi. Akaunti ya Google ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 nayo inaweza kufutwa na vilivyomo. Lipia moja.

Sasa hesabu. Kasi wanayoitangaza kampuni za intaneti ni ya kupakua, ya kupakia mara nyingi huwa ndogo kuliko hiyo. Tuseme unapakia kwa megabiti 4 kwa sekunde. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo hiyo ni nusu megabaiti kwa sekunde. GB 180 zitachukua saa 100, siku nne na ushee mchana na usiku bila kukatika. Ukiwa na megabiti 1 ni zaidi ya siku 16. Diski inayolia haina siku 16. Ukishaokoa kila kitu kwenye diski ya nje, anza kupandisha nyaraka, ambazo ni nyepesi, halafu picha, video ziwe za mwisho. Filamu na programu ulizopakua ziache, zinapatikana tena.

Jambo jingine linalowakuta wengi: OneDrive na wenzake wana mpangilio wa kuokoa nafasi ambapo jina la faili unaliona kwenye kompyuta, lakini faili lenyewe liko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya huduma. Alama yake ni kiwingu kidogo pembeni ya jina. Mtu anaona faili kwenye kompyuta, anaona na mtandaoni, anahesabu nakala mbili. Zima intaneti ujaribu kulifungua, utajua unazo ngapi.

Kuhusu siri, kama una nyaraka za kazi au vitambulisho, vifunge kwa pasiwedi kabla havijaondoka kwenye kompyuta. Cryptomator ni ya bure kwenye kompyuta na inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini pasiwedi hiyo ukiipoteza hakuna wa kumpigia simu, mafaili ndiyo basi tena. Na hapa nikucheke nawe unicheke: mara ya kwanza nilipojaribu kurejesha bekapu yangu kwenye kompyuta ngeni, programu ikaniuliza pasiwedi. Pasiwedi ilikuwa kwenye faili la maandishi. Faili la maandishi lilikuwa ndani ya bekapu. Bahati yangu kompyuta yangu ilikuwa bado nzima, nikalifungua huko. Siku hizi imeandikwa kwenye karatasi, iko kwenye bahasha pamoja na vyeti vyangu, na zile namba za dharura za kuingilia akaunti endapo simu itapotea ziko humo humo.

Tangu siku ile, kila baada ya miezi mitatu hivi naazima kompyuta ya mtu, naingia, nachagua folda moja bila kufikiri, naishusha na kufungua mafaili mawili matatu. Si kuangalia orodha ya majina, nafungua hasa. Mara moja nilikuta folda nzima ya hesabu haijapanda kwa miezi, kwa sababu programu ya hesabu huwa naiacha wazi muda wote na bekapu ilikuwa inaruka mafaili yanayotumika. Hakuna tangazo lolote lililowahi kunitokea kwenye skrini.

Na usiitupe diski ya nje eti kwa kuwa umehamia mtandaoni. Huduma hufungwa: Ubuntu One ilifungwa 2014, CrashPlan ya majumbani 2018, Amazon Drive Desemba 2023. Wateja walipewa muda wa kutoa vitu vyao, ila jaribu kushusha GB 180 kwa haraka. Majengo ya seva nayo huungua, kama la kampuni ya OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021, na kuna wateja ambao data zao hazikurudi. Mimi nina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa, na mtandaoni.

Fanya kwanza hilo la diski ya nje. Ukimaliza, rudi hapa useme unatumia Windows au Mac na kasi yako ya kupakia ni ngapi, nikuelekeze mipangilio.