Wakija kuzomea: kwa mnaoanza kuratibu mikutano Mtwara na Lindi

Mdogo wangu, siku utakayoona vijana wenye fulana za chama kingine wanaingia uwanjani na vuvuzela, utatamani kukimbilia jukwaani. Usiende. Kazi yako iko kule nyuma, bodaboda zinakoegeshwa. Vurugu za mikutano huanzia nyuma, na aliyeshika kipaza sauti ndiye wa mwisho kuziona.

Karatasi kwanza. Taarifa ya maandishi ifike kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, saa 48 kabla ya mkutano, na nakala yenye muhuri ikae mfukoni mwako, si kwenye droo ya katibu. Wakati wa kampeni, ratiba ya vyama vyote iko kwa msimamizi wa uchaguzi. Isome ya wenzako pia: wao wakiwa mtaa wa pili siku hiyo hiyo, malizaneni mapema. Kampeni zinafungwa saa 12 jioni, na wazomeaji wazoefu wanalijua hilo. Hawaji saa 9. Wanakuja saa 11, mgombea wako akiwa ndio kwanza anapanda, ili muda ukuishie mkononi na wewe ndiye uonekane mvunja maadili. Kwa hiyo mgombea apande mapema, wasanii wafuate.

Kuhusu ulinzi, sahau habari za vijana wa magwanda. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalipiga marufuku vyama kuunda vikundi vya ulinzi, na hata kabla ya hapo mimi sikuona faida yao, maana kijana mwenye buti anatafuta wa kumpiga. Tafuta kina mama watatu au wanne wanaojulikana mtaani. Nimemwona mmoja, mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, akimfuata kijana aliyekuwa anapuliza vuvuzela na kumuuliza taratibu, “Wewe si wa kwa Mzee fulani pale sokoni? Mama yako anajua uko hapa?” Vuvuzela ikashuka. Wenzake wakaanza kumcheka yeye badala ya kutuzomea sisi. Polisi kumi wasingeweza hilo.

Halafu jifunze kuwatofautisha. Aliyetumwa anatazama simu yake na gari lililomleta. Mwenye kero anamtazama msemaji. Uchaguzi mkuu wetu unaangukia Oktoba, na huo ni msimu wa korosho: mtu anawaza mnada, makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na hela itaingia lini. Wapo wanaokumbuka msimu wa 2018/2019, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengine wakasubiri malipo miezi na miezi. Mtu wa namna hiyo akipiga kelele, mpe kipaza sauti aulize, lakini kishikwe na mtu wako. Wasemaji wengi hukataa kwa kuogopa kuaibika. Mimi naona swali gumu lililojibiwa linavuta watu kuliko ngoma.

Waliotumwa usiwajibu kwa muziki. Ukiongeza sauti nao wataongeza, na atakayeshindwa kusikia ni bibi aliyetoka Naliendele kumsikiliza mgombea. Mwambie msemaji anyamaze kidogo, atupie utani, aendelee. Jenereta iwe na mtu wa kukaa nayo mwanzo hadi mwisho. Kuchomoa waya ni rahisi kuliko kuzomea.

Jambo la polisi ni nyeti zaidi huku. Aliyekuwapo Mtwara mwaka 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi, hahitaji kusimuliwa moshi wa mabomu ya machozi. Akiona gari la askari limegeuza pua kuelekea uwanjani, anabeba kiti chake na kuondoka, na wazomeaji wanahesabu wameshinda. Kaa na mkuu wa askari mapema, mkubaliane gari lisimame wapi.

Watu wakitawanyika, usikubali msafara wa bodaboda upite mbele ya ofisi ya wale wengine, hata kama ndiyo njia fupi. Aliyerekodi fujo akukabidhi video jioni ile ile kabla hajaituma kwenye makundi. Malalamiko yaandikwe usiku huo, asubuhi yapelekwe kamati ya maadili ya uchaguzi.